Kaburi la Muda

Katika makaburi ya Ohlenrode, mji mdogo wa Ujerumani, maiti ni mpangaji. Wakulima wa enzi na enzi wana viwanja vya ukoo karibu na kanisa, vimezungushiwa ua wa miti, na watoto wao huongeza muda kila unapokwisha. Wengine huzikwa kwenye safu, kila mtu kando ya aliyemtangulia kufa. Safu ina miaka ishirini na mitano, na hiyo haiongezwi. Muda ukiisha mawe hung'olewa, udongo husawazishwa, na mji huitumia ardhi yake kwa jambo jingine.

Pauline Opitz alizikwa kwenye safu mwezi wa Februari 1947, upande wa nyuma, penye uzio unaopakana na mashamba ya viazi vya sukari. Mke wa mwanawe, Selma, ndiye aliyejibu alipoulizwa aina ya kaburi. Walikuwa wameshushwa Ohlenrode kiangazi cha mwaka uliotangulia kutoka mabehewa ya mizigo, pamoja na wengine waliofukuzwa Silesia baada ya nchi hiyo kupewa Poland. Selma, mama mkwe wake na bintiye Renate walipewa chumba juu ya zizi la mkulima ambaye hakuwataka. Mume wa Selma, Ewald, alikuwa bado mateka wa vita Urusi.

Baridi ya mwaka ule iliua wazee wengi. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, na wachimba kaburi walilazimika kuwasha moto juu yake kwanza. Mwangalizi wa makaburi aliuliza: la ukoo au la safu?

"La safu," Selma alisema. "Mpaka mavuno tutakuwa tumesharudi kwetu."

Mwangalizi hakushangaa. Wote walioshuka kwenye yale mabehewa walisema hivyohivyo. Na Pauline mwenyewe, siku chache kabla ya kukata roho, alikuwa amemshika Selma mkono wa gauni akamwambia: "Mnizike kando ya baba yenu, kule nyumbani. Hapa mniweke tu."

Ewald alirudi mwaka 1949, mifupa mitupu. Selma alimpa maneno ya mama yake wiki ileile. Baadaye, kwa miaka mingi, alijiuliza ingekuwaje kama angenyamaza.

Ewald hakuwa mtu wa kusahau agizo. Alipata kazi kwenye kiwanda cha sukari, na mwaka 1956 walijenga nyumba kwa mkopo wa serikali katika mtaa mpya wa wakuja, Barabara ya Breslau. Wenyeji waliuita mtaa huo Warsaw Ndogo. Ewald alijenga nyumba imara, lakini bustanini alipanda vitu vya mwaka mmoja tu: maharage, viazi, saladi. Jirani mmoja alimpa mche wa tufaha. Aliuacha ukakauka ndani ya gunia lake.

Mtu angeweza kumcheka, na wenyeji walimcheka. Lakini Ewald aliamini alichoambiwa na serikali yake. Ramani ya shule ya Renate iliionyesha Silesia ndani ya Ujerumani, na maneno madogo pembeni: kwa sasa chini ya usimamizi wa Poland. Televisheni ilipokuja, utabiri wa hali ya hewa ulichorwa juu ya mipaka ya mwaka 1937, kabla ya vita, kana kwamba mvua ya Silesia bado ilikuwa mvua yao. Vyama vyote vikubwa vya Bonn, makao ya serikali, vilisema lilelile: mpaka si wa mwisho mpaka mkataba wa amani utiwe sahihi, na atakayeiacha ardhi ile ni msaliti. Mikutano ya Wasilesia ilifanyika wakati wa Pentekoste. Ewald alikwenda kwa treni na beji kwenye koti, akasikiliza mawaziri, akarudi sauti imekauka kwa kushangilia.

Selma hakwenda mikutanoni. Jumamosi alikwenda makaburini. Alipalilia, alipiga reki mchanga hadi ukawa na mistari, kama ilivyo desturi ya mji ule, akabadilisha maua kwa majira. Wala hakuwa akimpenda sana yule mama. Pauline alikuwa mkali, na huko kwao alikuwa akionja supu ya Selma na kuimwaga. Lakini mtu ukimhudumia miaka kumi na mitano akiwa ardhini, mnazoeana.

Wakati huo mwangalizi alikuwa Hinrich Diercks, mtoto wa yule wa kwanza, mtu mrefu asiyependa maneno. Mwaka 1963 alimsimamisha Selma langoni.

"Mama Opitz, kuna kiwanja cha ukoo kimebaki wazi kule karibu na kanisa. Mwambie mzee akichukue. Tunamhamishia bibi pale, mambo yanaisha."

Selma alilifikisha wakati wa chakula cha jioni.

"Kununua kaburi hapa ni kutia sahihi mpaka," Ewald alisema.

"Baba Renate, ni kaburi tu."

"Ndivyo wanavyoanza. Kwanza kaburi tu."

"Wanaanza nani? Diercks?"

"Usinichekeshe mimi, mama Renate. Yule bibi aliomba arudi. Hakuomba kiwanja karibu na kanisa." Na Ewald akaendelea kula.

Desemba 1970 kansela alikwenda Warsaw na kutia sahihi mkataba uliokubali mpaka kama ulivyo. Ewald alizima televisheni, akatoka nje na ndara zake za nyumbani, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Aliporudi alikuwa ametulia. Alikuwa amekumbuka kwamba mkataba si kitu mpaka Bunge liupitishe, na serikali ilikuwa na viti vichache tu zaidi ya wapinzani. Chama cha upinzani kilikuwa chama chake. Mbunge wa kwao alikuwa amesema kwenye ukumbi wa shule, Ewald akiwa kiti cha mbele, kwamba mkataba ule hautapata mkono wake kamwe.

Kibandiko kilibandikwa mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba. Kilikuwa cha njano, kidogo kama kiganja, kwenye jiwe la Pauline na kwenye mawe yote ya safu ile: ndugu wa marehemu wafike ofisini. Selma aliweka chini debe lake la maji, akaenda moja kwa moja.

"Muda unakwisha Februari," Diercks alisema. "Safu nzima itasawazishwa baada ya Pentekoste. Halmashauri inataka njia ya magari pale, ya kufikia ukumbi mpya wa maombolezo."

"Na mama mkwe?"

"Anabaki chini, juu yake linapita gari. Au anahamishwa. Lakini nisikilize vizuri, Mama Opitz. Ofisi ya afya hairuhusu kufukua mtu miezi ya joto. Mwisho ni Machi. Mume wako aje achukue kiwanja, atie sahihi, mimi nitamhamisha bibi kwa mikono yangu. Machi. Usiniletee mtu hapa Aprili."

Selma alirudi nyumbani akiwa na miezi mitano mbele yake. Aliona ni muda wa kutosha. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameishi na Ewald tangu arudi kutoka Urusi, na alijua kwamba mumewe hakatai jambo mara moja tu. Hulikataa mara kadhaa, kisha hulifanya.

Alisubiri mpaka amalize kunywa kahawa.

"Wataisawazisha safu."

"Nimesikia kiwandani."

"Basi?"

"Basi Bunge linapiga kura mwezi wa tano. Mkataba ukianguka, mambo yote yako wazi. Halafu mimi niwe nimeshamfungia mama hapa kwa miaka mingine arobaini? Nitamwambia nini?"

"Utamwambia yuko mahali penye jiwe! Diercks amesema Machi, Baba. Hajasema mwezi wa tano."

"Diercks ni mfanyakazi wa halmashauri. Hawezi kuniharakisha kwa jambo ambalo Bonn yenyewe haijaamua."

Krismasi alikuja Renate. Alikuwa mwalimu mjini Hannover, ameolewa na mwenyeji, na alikipigia kura chama cha kansela bila kuficha. Selma alioka keki ya mbegu za popi kwa namna ya kwao. Kipande cha kwanza kilikuwa hakijaisha wakaanza.

"Papa, kule nyumbani kwenu kuna familia ya Kipolandi. Wana watoto waliozaliwa mle ndani. Utawatupa wapi?"

"Mimi sijasema nimtupe mtu. Nataka kumzika mama yangu."

"Alishazikwa!"

"Amewekwa," Ewald alisema.

"Ishirini na mitano, amewekwa! Hata mwavuli ukiuacha kwenye treni hawakutunzii muda huo."

Selma alicheka, hakuweza kujizuia. Ewald aliwatazama wote wawili, akachukua sahani yake, akaenda kumalizia kula jikoni. Renate alitaka kumfuata. Mama yake alimshika mkono. "Mwache. Ukimsukuma sasa hatatia sahihi kabisa."

Kosa la Selma, kama lilikuwa kosa, lilikuwa hapo. Alidhani kimya kitamsaidia. Januari ilipita, Februari ikapita na muda wa Pauline ukaisha. Maiti wawili wa safu ileile, wakuja kama wao, walihamishwa kwenda viwanja vya ukoo. Selma aliyaona mashimo, yamefunikwa mbao. Mwishoni mwa Machi alivaa koti la Jumapili siku ya kazi na kwenda ofisini peke yake.

"Nikitia sahihi mimi?"

Diercks alivua miwani. "Wewe ni mke wa mwana. Mwana mwenyewe yuko hai. Namwona kila asubuhi anapita na baiskeli."

"Akiwa mgonjwa je?"

"Ni mgonjwa?"

Selma alifikiri. "Hapana," alisema.

"Basi mlete. Mpaka Ijumaa naweza."

Jioni ile alimwomba. Alimwomba waziwazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku za ndoa. Alisema ni yeye aliyemwosha yule bibi, ni yeye aliyesimama kwenye theluji wakati wanaume wanayeyusha ardhi kwa moto, na kama kuna mtu mwenye haki ya kusema imetosha ni yeye. Ewald alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwezi na nusu tu, mama," alisema. "Nimesubiri miaka yote hii. Nishindwe na mwezi na nusu?"

Ijumaa ilipita.

Mwishoni mwa Aprili ilionekana kama Ewald ndiye aliyekuwa sahihi. Wapinzani walileta hoja ya kumwondoa kansela, na nchi nzima iliamini itapita. Ewald alikuwa akimalizia miaka yake ya mwisho ya kazi kama mlinzi wa lango la kiwanda. Mafundi walikusanyika kwenye kibanda chake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na redio.

"Mzee Opitz, funga mizigo!" fundi mmoja kijana alimwambia. "Kesho unarudi kwa ng'ombe wako."

"Utakuja kunitembelea. Nitakupa maziwa."

"Na viza nitaombea wapi?"

Walicheka wote, na Ewald alicheka nao. Kisha redio ikatangaza kwamba hoja imeanguka kwa kura mbili. Mafundi, ambao wengi wao walikuwa upande wa kansela, walirusha kofia juu. Yule kijana aliinama dirishani, bila ubaya, akasema: "Basi mzee, fungua mizigo." Ewald alimwambia kazi inamsubiri.

Bado kulikuwa na kura ya mkataba wenyewe. Siku hiyo, katikati ya Mei, Selma alimkuta ameketi mbele ya televisheni na koti, beji ikiwa kifuani. Alikaa karibu naye akimenya mboga za asparaga kwenye beseni. Majina na hesabu zilisomwa. Mkataba ulipita.

Ewald hakushtuka kwa hilo. Alikuwa ameshaliona linakuja. Alichokuwa akingojea ni idadi ya waliokataa. Msomaji aliisoma, nayo ilikuwa ndogo mno.

"Amekosea," Ewald alisema. "Chama kizima kiko wapi?"

"Wamesema hawana upande."

"Hawana upande wa nini?"

"Wa mkataba, Baba. Hawakukubali na hawakukataa."

"Na wa kwetu? Yule wa ukumbi wa shule?"

Selma hakujua. Gazeti la asubuhi ndilo lililojua: mbunge wa kwao naye hakuwa na upande. Ewald alilisoma amesimama, akalikunja, akaliweka mezani. Hakutukana. Kama angalau wangesema hapana wakashindwa, alimwambia Selma miezi mingi baadaye, angejua kwamba alidanganywa na adui. Kumbe watu aliowashangilia kila Pentekoste hawakuwa na neno la kusema siku neno lilipohitajika.

Alichukua baiskeli, akaenda makaburini. Selma alimfuata kwa miguu na kumkuta ofisini, kofia mkononi.

"Nimekuja kuchukua kiwanja," alikuwa akisema. "Cha ukoo. Na kumhamisha mama."

Diercks alimtazama Selma kwanza. "Bwana Opitz, ni mwezi wa tano."

"Najua ni mwezi wa tano."

"Siruhusiwi kumfukua mtu mpaka Oktoba. Na Jumanne baada ya sikukuu inakuja mashine."

"Si usubiri mpaka Oktoba?"

"Nimesubiri toka Oktoba," Diercks alisema.

Nje mtu alikuwa akipiga reki. Diercks alisema angeweza kuandika halmashauri, lakini jibu analijua. Mkandarasi ameshapewa tarehe, na jiwe likishang'olewa hakuna tena kaburi la fulani, ni ardhi ya mji. Alisema kama wanataka jiwe, anaweza kuwawekea.

"Jiwe si mama yangu," Ewald alisema.

Alitia sahihi ya kiwanja hata hivyo. Kilikuwa kiwanja cha watu wawili, karibu na kanisa. Kalamu ilikuwa mbovu, akarudia.

Mashine ilikuja siku iliyotajwa. Selma alikwenda kuangalia kwa sababu aliona lazima mtu mmoja awepo. Haikuchukua muda. Mawe yalipakiwa kwenye lori, maua ya makaburini yakaenda na udongo, na kufikia mchana palikuwa pamelainika kama kitanda kilichotandikwa. Upande mmoja walimwaga kokoto kwa ajili ya magari. Upande wa pili walipanda nyasi. Jumamosi iliyofuata alishika debe la maji, akafika mpaka langoni, akasimama. Kisha akamwagilia kaburi la mtu asiyemjua, kwa sababu debe lilikuwa limejaa.

Ewald hakwenda makaburini kiangazi chote. Hakwenda pia kwenye mkutano wa Wasilesia. Kiwandani walimpa saa ya ukutani akastaafu. Renate alikuja na habari kwamba sasa mtu anaweza kupata viza ya utalii, kwamba basi huondoka Hannover, kwamba anaweza kumpeleka Ewald akaone kaburi la baba yake, kama bado lipo.

"Nikamwambie nini mzee?" Ewald aliuliza. "Kwamba nimemwacha mkewe chini ya magari?"

"Papa, nusu ni nyasi. Labda yuko upande wa nyasi."

"Labda," alisema Ewald, na hapo mazungumzo yakaisha.

Novemba, Jumapili ya wafu, mji mzima huenda makaburini kufunika makaburi kwa matawi ya msonobari kabla ya baridi. Selma alikuwa akipika. Alisikia mlango wa banda, akatoka, akamkuta Ewald akifunga matawi kwenye toroli. Alizima jiko, akavaa koti.

Makaburini palikuwa na watu wengi. Wenyeji waliwasalimia kwa kichwa. Ewald alipita kiwanja chake kipya, kilichokuwa kitupu, akasukuma toroli mpaka nyuma, penye uzio. Mashambani viazi vilikuwa vimeshavunwa, ardhi imebaki matope. Alisimama ukingoni mwa nyasi akapima kwa macho: uzio, bomba la maji, kona ya ukumbi mpya. Alitembea mbele, akarudi nyuma kidogo, akapiga magoti.

"Ni hapa," alisema. "Sivyo?"

Selma alilijua lile eneo kwa mikono yake. Bomba la maji lilikuwa limehamishwa walipojenga. Kaburi lilikuwa kule mbele, chini ya kokoto, pale magari ya maombolezo yalipokuwa yakigeukia.

"Ni hapo," alisema.

Akapiga magoti naye, na wakayapanga matawi pamoja, kichwani na miguuni, yakipishana vizuri ili upepo usiyachukue. Ewald aliomba kwa sauti ya chini, kwa lahaja ya kwao, ambayo Selma hakuwa ameisikia kinywani mwake kwa miaka. Diercks alipita mbali na toroli lake la majani makavu. Aliwaona, akageukia njia nyingine.

Jumatatu wafanyakazi wa halmashauri walifyeka na kusafisha nyasi, na kila kilichokuwa juu yake kiliondolewa.